Saa Moja Iliyotutenga Ndugu

Wazee walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Mimi na mdogo wangu tuligombana, na jembe lilikuwa mikononi mwetu muda mrefu. Leo nataka kuwasimulia jinsi tulivyokaribia kukosa kupatana kwa sababu ya saa moja tu ya mchana. Huenda habari hii ikamfaa mtu mwenye jamaa walio mbali.

Marehemu baba yetu alituachia nyumba na kiwanja katika mtaa wa Mangobo, hapa Kisangani. Mwaka 2018 nilibanwa na karo za watoto, nikauza kipande cha kiwanja kile bila kumwuliza mdogo wangu. Nilijiambia ya kuwa mimi ndimi mkubwa, na mkubwa haombi ruhusa. Alipopata habari alikasirika sana, na haki ilikuwa yake. Mwezi wa Mei 2019 akasafiri kwenda Ubelgiji kufanya kazi, wala hakuniaga.

Mama yetu hakuweza kuvumilia jambo lile. Akamwita baba mkubwa, na yeye akazungumza nasi kila mmoja kwa upande wake, mpaka tukakubaliana. Jumapili tarehe 27 Oktoba, saa tisa alasiri, mdogo wangu atapiga simu, nami nitamwomba radhi mbele ya wazee. Saa tisa ya wapi? Hakuna aliyeuliza. Kwa nini tuulize? Tangu afike Brussels, saa yake na saa yetu zilikuwa moja. Mama alipompigia saa moja jioni, kule nako ilikuwa saa moja jioni.

Siku ile wazee wakafika mapema. Tukapanga viti chini ya mwembe, na Mama akaweka simu juu ya kigoda, katikati yetu sote. Saa tisa ikafika, simu ikanyamaza. Saa tisa na nusu, kimya. Mama akasema, "Mwanangu, tumpigie sisi." Nikakataa nikisema kwamba yeye ndiye aliyeahidi. Saa kumi kasorobo baba mkubwa akainuka, akachukua fimbo yake, akasema, "Mtoto huyu amekataa." Wazee wakaondoka.

Hapa sina budi kukiri jambo la aibu. Moyoni mwangu nilifurahi kidogo. Mimi ndimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti cha mwenye kosa, na sasa mwenye kosa akawa yeye. Nikaizima simu. Usiku nilipoiwasha nilikuta ujumbe wake wa neno moja tu: "Nimeelewa." Nikalisoma neno lile kama kiburi, nami sikujibu.

Zikapita karibu wiki nne. Mama alipungua chakula na maneno. Ndipo siku moja mpwa wangu, anayesoma Kinshasa, akapiga simu kutusalimu, nami nikamweleza jinsi mjomba wake mdogo alivyotudharau. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mjomba, ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba?"

"Ndiyo."

"Basi hakuwadharau. Sisi wa Kinshasa tuko nyuma yenu kwa saa moja mwaka mzima. Kabla ya siku ile, rafiki zangu wa Brussels walikuwa mbele yangu kwa saa moja. Tangu siku ile saa yangu na yao ni sawa, na Kinshasa hatukugeuza kitu. Wao ndio waliorudisha saa nyuma usiku wa kuamkia Jumapili ile. Ninyi mlipokuwa saa tisa, mjomba alikuwa saa nane."

Nikahesabu kwa vidole. Saa tisa ya mdogo wangu ilikuwa saa kumi yetu. Nami nilikuwa nimeizima simu robo saa kabla yake!

Jioni ile ile nilimpigia, sikungoja wazee. Nilimwomba radhi kwa ajili ya kiwanja kwanza, halafu kwa ajili ya simu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, nilipiga mara saba. Nilidhani umenifungia mlango." Mwaka ule ulikuwa wa kwanza kwake kukaa Ulaya, na simu yake ilikuwa imejigeuza yenyewe usiku alipokuwa amelala. Basi hakuna aliyekuwa amevunja ahadi. Lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kumhukumu mwenzake.

Tangu hapo nilitaka kujua kwa nini watu hugeuza saa. Sisi wa Kisangani tu karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi, na mchana hulingana karibu sawa na usiku. Ndiyo maana hesabu ya saa ya Kiswahili yatufaa: jua likichomoza, twaanza kuhesabu. Hesabu hii ndiyo ya Injili pia, kwa maana wale vibarua wa saa kumi na moja waliitwa jua linapokaribia kutua. Lakini Brussels, mwezi wa Juni mchana wapita saa kumi na sita, na mwezi wa Desemba wapata kama saa nane tu. Watu wa huko waliona ya kuwa wakati wa kiangazi jua lachomoza wao wangali usingizini. Wakasema: tusogeze saa mbele, ili tuutumie mwanga ule jioni. Ujerumani na Austria-Hungaria zilianza mwaka 1916, wakati wa vita, ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe. Desturi hiyo ikaachwa na kurudiwa. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, Ufaransa ikairudia mwaka 1976, na Ubelgiji mwaka 1977. Sasa nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Wenyewe wamechoka. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliwauliza wananchi, wakajibu watu milioni 4.6, na katika kila mia, 84 walitaka desturi hii ikome. Tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura, 410 kwa 192, kwamba iishe mwaka 2021. Lakini mwaka 2021 ukapita, na saa zikaendelea kugeuzwa. Kwa nini? Kwa sababu kuacha kugeuza ni rahisi, bali kuchagua saa ya kubaki nayo ni kazi. Ubelgiji ikishika saa ya kiangazi, na jirani yake Uholanzi ikishika ya baridi, mfanyakazi avukaye mpaka kila asubuhi atakuwa na saa mbili mkononi. Majirani hawakupatana, na nchi moja haiwezi kwenda peke yake bila kumsumbua mwenzake.

Afrika nako tuna mfano. Namibia ilitunga sheria mwaka 1994 ya kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, ili watoto wasiende shule gizani. Lakini sehemu ya Katima Mulilo, inayopakana na Zambia na Botswana, iliachwa nje ya sheria ile, na hivyo nchi moja ikawa na saa mbili majira ya baridi. Wafanya biashara nao walitengana kwa saa moja na Afrika Kusini, wanakonunua bidhaa nyingi. Mwaka 2017 Bunge lao likaikomesha desturi ile, na sasa saa yao ni sawa na yetu ya Kisangani mwaka mzima. Hawakupata faida bila gharama, kwa maana asubuhi za baridi watoto huamka gizani. Lakini walipima, wakaona kwamba kwenda pamoja na majirani kwafaa zaidi. Jirani yetu Sudani Kusini nayo, tarehe 1 Februari 2021, ilirudisha saa yake nyuma mara moja kwa daima, nayo sasa yalingana na yetu.

Kumbe, saa si kitu cha mtu mmoja. Jua ni la Mungu, lakini saa ni mapatano ya watu. Penye mapatano, wajibu wa kwanza ni kumjulisha mwenzako unapobadilisha, na wajibu wa pili ni kumwuliza kabla ya kumlaumu. Mimi niliuza kiwanja bila kumjulisha ndugu yangu, kisha nikamlaumu bila kumwuliza. Makosa yote mawili yalikuwa yangu, wala saa za Ulaya hazikunifundisha kuyafanya.

Basi ninyi wanafunzi, msijue tu jina la mji wa mbali. Jueni pia kule ni saa ngapi. Nanyi wazazi wenye watoto Kinshasa, Kampala au Ulaya, mkiagana kwa simu tajeni saa pamoja na mji: "saa tisa ya Kisangani". Maneno mawili tu, hayana gharama.

Siku hizi, inapofika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, mdogo wangu hututumia ujumbe usiku wa Jumamosi: "Kesho twageuza." Mama huniita nimsomee kwa sauti, ingawa aujua tayari. Na alasiri yake huweka simu juu ya kigoda saa nzima kabla ya wakati, asije akakosea tena.