Sindano ya Goti

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo

Mwanangu,



Kilichonishikisha kalamu ni maneno niliyoyasikia kwa muuza vitenge Mtaa wa Kongo: eti kila mechi ya mpira wa ndondo ikikaribia unachomwa sindano ya goti ili ucheze. Niambie ni uongo. Daktari wa Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili alikwambia mbele yangu kwamba kano imekatika, mpira wa ushindani basi. Sindano inanyamazisha maumivu tu, haiungi kano. Goti linazidi kusaga gegedu, nawe husikii.

Yule mzee wa Mtaa wa Sikukuu anayeswali kwenye kiti, umeshamuuliza kwa nini hasujudu? Alikuwa winga wa kushoto, mabeki walimwogopa. Goti lilipoumia, viongozi wa timu yake wakawa wanamchoma sindano kabla ya mechi, naye anafurahi kwa kuwa haumwi. Julai 1977, Simba ilipoipiga Yanga 6-0, Kibadeni akafunga matatu, Msimbazi nzima ilikuwa barabarani. Yeye alisikiliza redioni, kalala, goti limevimba, na wale viongozi hakuna aliyemletea hata chungwa. Kazi nyingine hakujifunza, maana kila mwaka alisema atarudi uwanjani mwakani. Mpaka leo ukikaa naye kwenye kahawa atakuhadithia mechi ileile moja. Namheshimu sana, lakini sitaki uwe yeye.



Wa kuiga yupo: Mkenya, Henry Wanyoike. Alikuwa mkimbiaji chipukizi. Mwaka 1995 kiharusi kikampofusha. Akaenda kwenye chuo cha wasioona Machakos, akajifunza kufuma sweta. Utaniambia alirudi mbioni, akachukua dhahabu ya mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Kweli. Lakini alirudi na mwongozaji ubavuni, hakujifanya anaona. Wewe unajifanya una goti.

Nawe mkono wako wa ushonaji nimeuona. Ulipokuwa na magongo ulikaa dukani kwangu ukakata jezi za wale watoto wa Kidongo Chekundu, ukapanua mabega, ukasema jezi ikibana kwapani mchezaji harushi mpira vizuri. Mafundi wangu wamezeeka na jezi, hilo hawakuwahi kuliwaza. Ulisahau hata kula. Zamani nilikuona hivyo uwanjani tu.

Usikope hela ya cherehani. Mazoezi ya goti uliyopewa usiyaache. Mpigie mama yako.

Jora la bluu limefika, na mashine ya pili ya ovaloki haina mtu. Jumamosi hao wa sindano wana ndondo yao. Mimi nakutaka hapa saa mbili asubuhi. Kama hiyo sindano umeshailipia, waachie hela yao.

Shangazi yako