Nani Ana Kondoo?

Wadau, kuna vitu ukivisema mtaani kwetu watu wanakuangalia mara mbili. Mimi nina miaka 27, nimezaliwa Mchikichini, nauza blauzi za mtumba, na hela yangu ya kujirusha naimalizia kwenye maboksi ya michezo. Sio gemu za simu, sio plestesheni. Nasema maboksi ya kadibodi yenye ramani, dadu, kadi na vinyumba vya mbao vidogo kama punje ya hindi. Shangazi yangu anaamini ni ugonjwa wa kukosa mume.

Yote yalianzia kwenye mzigo. Biashara yangu unaijua kama umewahi kununua nguo Insta. Saa kumi na moja alfajiri uko Karume, belo linafunguliwa, mnagombania namba moja kabla mwenzio hajaweka mkono, unarudi nyumbani unafua, unapiga pasi, unapiga picha, unapandisha bei. Sasa siku moja ya 2023 blauzi zilikuwa za hovyo kabisa. Nikajisogeza upande wa midoli, nikaanza kuchambua kwa hasira tu. Chini ya dubu asiye na jicho moja nikakuta boksi, kona zimechakaa, limefungwa na raba. Juu limeandikwa Die Siedler von Catan.

"Hilo la zawadi hilo, dada. Elfu tano."

"Ndani kuna nini?"

"Mambo ya watoto wa Kizungu."

Nikatoa elfu tatu, nikaondoka haraka asije akabadili mawazo.

Baadaye ndo nikajua nilichookota. Mchezo ule aliutunga Mjerumani anaitwa Klaus Teuber, kazi yake fundi wa meno bandia. Ulitoka 1995, na mwaka huohuo ukachukua tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwao Ujerumani. Mzee wa watu alifariki 2023, mwaka uleule nilioliokota boksi lake chini ya dubu. Kanuni zilikuwa Kijerumani kitupu, nikawa naielekezea simu karatasi inanitafsiria. Tafsiri yenyewe vituko. Ila kuna mstari ulisema: weka jambazi kwenye shamba la jirani, kisha mwibie. Nikajua huu mchezo huku kwetu utapendwa.

Kwa kifupi uko hivi. Kuna kisiwa cha vigae 19 vya pembe sita, mnakipanga wenyewe, kila siku kinatoka tofauti. Msitu unatoa mbao, udongo unatoa matofali, malisho yanatoa kondoo, shamba linatoa ngano, mlima unatoa mawe. Jangwa halitoi kitu. Unarusha dadu mbili, namba iliyotoka ndiyo inayozalisha. Barabara inataka mbao moja na tofali moja. Nyumba inataka mbao, tofali, ngano na kondoo. Wa kwanza kufika pointi 10 kashinda.

Utamu uko hapa: huwezi kupata vyote peke yako. Una kondoo wanne, tofali huna hata moja. Mwenzio ana matofali anatafuta kondoo. Lazima muongee. Na hakuna bei. Bei ni maneno yako tu.

Sasa wapeleke watu wa Karume kwenye mchezo wa hivyo.

Boksi langu lilikuwa na mapengo. Rangi tatu zilikuwa kamili, ya nne ilibaki nyumba moja tu. Barabara tukaweka njiti za kiberiti, nyumba tukaweka vifungo vya shati, miji tukaweka vizibo vya soda. Jambazi hakuwepo kabisa, nikamwomba babu kete moja ya bao. Akanipa komwe lililochakaa, akasema nisilipoteze, akanihesabia kama mkopo.

Tukawa wanne kila Ijumaa usiku kwenye baraza la babu: mimi, mdogo wangu wa kiume, shoga yangu anayejifunza cherehani, na jamaa mmoja muuza viatu. Huyo simtaji jina, anajijua. Yeye ndiye wa njiti za kiberiti. Alizichagua mwenyewe, alisema za mbao zina nuksi.

Jamaa yule alikuwa hatari. Ni mtu aliyewahi kuniuzia raba za mguu wa kushoto 38 na kulia 39 nikashukuru. Zamu yake ikifika anaweka mikono mezani kama anatandaza viatu. "Nani ana kondoo? Kondoo, kondoo, nachukua kondoo, natoa ngano safi haijaguswa." Ukikataa anakusifia, ukikubali anakuhurumia. Alikuwa anashinda bila kuwahi kuwa na namba nzuri. Ukiwa mgeni unakimbilia 6 na 8, kwa sababu dadu mbili zikirushwa zina njia 36 za kutua, na kila moja ya hizo namba ina njia tano. Namba 2 ina njia moja tu. Yeye alikuwa anajenga kwenye 4 na 10 halafu anakula za kwetu kwa mdomo.

Ngoja niseme kidogo kuhusu michezo mingine, maana watu wananiuliza wanunue nini. UNO zile za Kariakoo ni nzuri kwa kuanzia. Ilitungwa na kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, mwaka 1971, lakini ukiwa umekulia kwenye lasti kadi utaizoea kwa dakika mbili. Monopoli sikushauri. Asili yake ni mchezo wa mama mmoja wa Marekani, Lizzie Magie, alioupatia hati miliki mwaka 1904 ili kuonyesha ubaya wa wenye nyumba. Mimi nalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, huo ubaya naufahamu tayari. Pia ukifilisika mapema unakaa saa nzima unaangalia wenzio wakihesabu hela. Karata za kawaida zibaki kwenye begi muda wote. Na ukimsikia mzee anasema kopa, shupaza, turufu, ujue anaongea maneno yaliyotoka kwa Wareno, hivyo usije ukadhani michezo ya kigeni mimi ndo nimeileta mtaani.

Babu hakuipenda Catan. Aliiangalia Ijumaa tatu, ameshika kikombe cha kahawa, haongei. Siku ya nne akasema, "Mchezo wa dadu huo. Mwenye akili na mjinga wanalingana." Yeye ni mtu wa bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna dadu, hakuna kilichofichwa. Ukifungwa umefungwa na kichwa chako. Nimekua nikiangalia bao kwa mbali. Kijiwe chao hakijawahi kumfukuza binti, ila hakijawahi kumsogezea kiti. Nadhani nusu ya mapenzi yangu kwa yale maboksi ni hiyo. Nilipata meza yangu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Jamaa wa viatu alikuwa na banda Karume. Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 16, 2022, soko liliungua. Alikuwa ameshusha mzigo Ijumaa. Alitusimulia mara moja tu, kwamba alifika kukiwa bado kunafuka, akawa anaokota vyuma vya meza yake kwa sababu ndivyo pekee alivyovitambua. Alianza upya na mkopo wa kausha damu. Wanaoijua mikopo hiyo wanajua, unalipa kila siku hata siku ya mvua. Tangu hapo alikuwa mtu mmoja mchangamfu sana mwenye kitu kimoja kichwani: mtaji wake urudi. Tena urudi kwa siku moja.

Yeye ndiye aliyesema tuweke hela mezani. "Jero jero tu, ichangamke." Na hapa sitajisafisha. Wa kwanza kukubali nilikuwa mimi, maana wiki hizo nilikuwa nashinda. Jero ikawa buku. Buku ikawa buku tano.

Mchezo ukafa. Nasema hivyo kama mtu anayeupenda. Bila hela, ukiniomba kondoo nakupa, nakutania, nakumbuka kisasi wiki ijayo. Ikiwekwa hela, kila kadi ninayokupa ni kama natoa mfukoni. Mtu anauliza nani ana kondoo, watu watatu wanaangalia kadi zao kama hawajasikia. Watu wakaanza kunong'onezana chooni. Mdogo wangu nilimkamata anarusha dadu karibu na ukuta ili izuiwe. Halafu Ijumaa moja shoga yangu akapoteza elfu kumi, akanyanyuka bila kuaga. Kesho yake nikamkuta anafumua zipu ya suruali mbovu ili aishone kwenye ya mteja. Ile elfu kumi ilikuwa ya nyuzi na zipu, aliyotumwa Kariakoo na fundi wake.

Babu akatuita wote. Hakupaza sauti. "Barazani kwangu hapachezwi kamari. Mkitaka kamari, barabara ya Uhuru hiyo hapo, ndefu."

Tukarudi kwenye njiti na vifungo. Badala ya kuweka dau tukaanzisha kikoba, buku kila mtu kila Ijumaa, tununue Ticket to Ride, ule wa kujenga njia za reli. Mtunza hazina tukamchagua jamaa wa viatu. Ndiye mwenye mahesabu, ndiye mkubwa kwetu. Tukachanga Ijumaa 35. Hiyo ni laki moja na arobaini.

Mimi nilikuwa najua. Sio kujua kwa ushahidi, kujua kwa macho. Katikati ya zamu za wenzake simu ilikuwa chini ya meza, uso unawaka kijani. Mara mbili alinionyesha mkeka wake, timu kumi na mbili, "imebaki moja tu dada'angu, moja tu". Nilicheka naye. Mtu anayekufa njaa ukicheka naye anaona umemwelewa.

Ijumaa ya 36 hakuja. Simu haipatikani. Ijumaa iliyofuata hakuja. Banda lake likawa na mtu mwingine anauza mikoba. Mkeka ulichanika, na hela yetu ilikuwa ndani yake pamoja na mtaji wote uliokuwa umebaki.

Nilimwambia babu nikiwa nimevimba kwa hasira, nikidhani atasema si niliwaambia. Akavuta ubao wa bao, akanionyesha kiti. Mara ya kwanza maishani. Akaniwekea kete: sita kwenye nyumba, mbili, mbili, na 22 nikabaki nazo mkononi. Tukaanza kunamua, unaingiza kete mojamoja, na muda wote unahisi una akiba, ukikosea kuna nyingine. Mkono ukaisha. Akasema, "Sasa tumeingia mtaji. Hapa huna kitu mkononi. Unacheza na kilichopo ubaoni, kidogo, kikubwa, ndicho hichohicho." Alinila nyumba kwa mkono mmoja tu. Halafu wakati anapanga upya akasema, "Yule kijana anacheza kama bado ana kete mkononi."

Miezi mitano ikapita. Tulikuwa watatu, mchezo unaruhusu watatu, ila ulikuwa kimya kama mtihani.

Akarudi Aprili, siku ya mvua, umeme umekatika tangu mchana, sisi tuko barazani na taa ya kuchaji. Amekonda. Alisimama kwenye ngazi akamwamkia babu, akatoa bahasha, ndani elfu ishirini. Alisema sasa anabeba mizigo Kariakoo, hana simu ya kupangusa tena, ameuza. Atakuwa analeta kidogokidogo. Hakuomba kukaa. Babu akasema, "Kuna mvua, unaenda wapi?"

Basi akakaa kwenye ngazi. Akaangalia raundi mbili nzima bila kusema neno, na kwa mtu yule hiyo ni kazi ngumu kuliko kubeba belo.

Sijui kama nimemsamehe. Mpaka naandika hii amebakiza elfu sabini na tano, nimeandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi, kila anapoleta nakata mstari. Ticket to Ride bado hatuna. Na hazina naishika mimi.

Ila usiku ule, tulipopanga kisiwa kwa raundi ya tatu, shoga yangu, yule aliyepoteza hela ya zipu, ambaye hakuwa amemtazama hata mara moja, alichukua kiberiti akakisukuma mpaka ukingoni mwa meza upande wa ngazi. Jamaa akasogea. Akahesabu njiti zake kumi na tano taratibu, akapanga vifungo. Zamu yake ikafika, akarusha, ikatoka nne. Akaangalia kadi zake, akaangalia meza, sauti ikatoka ndogo sijawahi kuisikia.

"Nani ana kondoo?"

Kimya. Mvua tu kwenye bati. Mdogo wangu akaniangalia. Mimi nilikuwa nao watatu, nikaangalia kadi zangu.

"Ninao wawili," shoga yangu akasema. "Unatoa nini?"