Siku Kumi Leicester na Mume Asiye na Cheo

Basi la kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow liliniteremsha kituo cha St Margaret's, Leicester, saa kumi na nusu jioni, na nje kulikuwa giza kama saa mbili usiku ya Dar. Ilikuwa Desemba 2024. Nilivaa masweta mawili na skafu ya kuazima kwa dada yangu, lakini baridi ilipita humo humo hadi kwenye meno. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, koti jeusi hadi magotini. Miezi kumi na tano hatujaonana ana kwa ana. Jamani, mnajua nilichokiangalia kwanza? Si macho yake. Niliangalia kifuani kama amevaa beji ya hospitali.

Acha nieleze. Huku nyumbani mume wangu ni fiziotherapisti. Ana shahada na alifanya kazi hospitali miaka sita. Wagonjwa wake walimwita "daktari wa mazoezi": wazee waliopata kiharusi, vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, watoto waliochelewa kukaa. Septemba 2023 alikwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili, mimi nikabaki na binti yetu wa miaka minne na kazi yangu ya kuhariri jarida. Tangu siku ile, saluni, kanisani na kwenye vikao vya harusi, aliyeniuliza nilimjibu kwa sauti ya juu kidogo: "Yuko kwa Malkia, ni fiziotherapisti kule." Malkia mwenyewe alishafariki mwaka 2022, lakini si mnajua tena lugha zetu za mjini.

Ukweli ni kwamba kule hakuwa fiziotherapisti. Alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Kwa lugha ya vijiweni, mume wangu alikuwa anabeba boksi. Na mimi nilikuwa najua.

Mfalme wa kwenye maegesho

Alipanga chumba karibu na Narborough Road, barabara ndefu ambayo wenye maduka yake wametoka nchi zaidi ya 20. Asubuhi unapita kwa kinyozi Mkurdi, muuza mikate Mpolandi, duka la Mwafrika lenye unga wa ugali na mafuta ya mawese. Kila mmoja anafungua shata lake huku akipuliza mikono. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, hita inayokoroma, na ukutani picha ya binti yetu aliyoichapisha maktaba. Chini ya picha alikuwa amebandika karatasi yenye mistari mitano, minne imewekewa tiki. Sikuuliza. Nilijua mstari wa tano unasemaje.

Siku ya tatu alinipeleka mjini kumwona Mfalme Richard wa Tatu. Kama hamumjui, huyu aliuawa vitani mwaka 1485 akiwa na miaka 32 tu, akazikwa haraka haraka Leicester, na kaburi lake likapotea. Mwaka 2012 wataalamu wa akiolojia walichimba kwenye maegesho ya magari ya ofisi za halmashauri, wakakuta mifupa. Lakini hakuna aliyetangaza siku hiyo kwamba huyu ni mfalme. Walipima umri wa mifupa, wakachunguza majeraha, wakalinganisha vinasaba na vya fundi seremala mmoja aliyekuwa akiishi London, mzao wa dada wa mfalme kwa upande wa kike. Jibu likatangazwa Februari 2013. Mwaka 2015 ndipo akazikwa upya ndani ya kanisa kuu, hatua chache kutoka pale alipofukuliwa.

"Unaona?" mume wangu alinicheka. "Hata mfalme alihakikiwa vyeti."

Ndani ya jumba la maonesho kuna mfano wa mifupa yake, na uti wa mgongo umepinda vibaya. Hapo ndipo nilipomwona tena mwanaume niliyeolewa naye. Sauti ilibadilika, mikono ikaanza kuchora hewani. Akanionesha jinsi uti ulivyojipinda pembeni na jinsi bega la kulia lilivyokuwa juu kuliko la kushoto. Akasema mtu wa namna hii anaweza kupanda farasi na kupigana. Nyuma yetu mzee mmoja wa Kizungu mwenye fimbo alikuwa amesimama, anasikiliza. Mume wangu alipohamia Kiingereza kumweleza na yeye, mzee akatabasamu na kumuuliza, "Kumbe wewe ni fizio?"

Nilingoja aseme ndiyo. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hapana, bwana. Natunza wazee."

Jina linalolindwa na sheria

Nje nilimjia juu. Kwa nini umejikana? Akanijibu taratibu, kama anamweleza mgonjwa. Uingereza jina la fiziotherapisti linalindwa na sheria. Ukijiita hivyo kikazi bila kuwa kwenye rejista ya Baraza la Taaluma za Afya na Huduma, kwa kifupi HCPC, ni kosa la jinai. Kusema ulisomea Tanzania si kosa, lakini yeye alishachoka kueleza nusu ya pili ya sentensi. "Nikisema nilikuwa fizio, wananiuliza sasa je?"

Na hapa ndipo wengi wetu tunapochemsha, kwa hiyo wapenzi wasomaji, hasa nyie wawili mnaopanga maisha ya majuu mkiwa kitandani, someni kwa makini. Shahada ya uzamili ya Uingereza kwa mtu ambaye tayari ni fiziotherapisti haikupi leseni. Ni kozi zile tu zilizoidhinishwa kuzalisha wataalamu wapya zinazokufikisha kwenye rejista kwa njia ya wenyeji. Mwingine yeyote aliyesoma nje anaomba kama mgeni, hata kama ana digrii mbili.

Maombi yenyewe hayana mtihani wa kukaririwa. Ni makaratasi. Kwanza Kiingereza: ukitumia IELTS unatakiwa alama 7.0 kwa jumla na hakuna sehemu iliyo chini ya 6.5. Mume wangu mara ya kwanza alipata 7.0 safi, lakini kuandika akapata 6.0, akarudia. Na majibu hayo hayakai milele, baada ya miaka miwili yamechacha. Pili utambulisho na vyeti. Tatu uthibitisho wa kazi ulizofanya. Nne ada, ambayo hairudishwi eti kwa sababu umekataliwa. Tano ndiyo kigingi: fomu ya maelezo ya kozi, inayojazwa na chuo ulichosoma. Masomo gani, saa ngapi, mafunzo kwa vitendo wodi zipi. Wakaguzi wanaichukua na kuilinganisha na viwango vyao. Wakiridhika unaingia. Wakiona pengo, wanaweza kuomba maelezo zaidi, au kukutaka ufanye kazi kwa kipindi cha kujazia chini ya usimamizi, au upimwe uwezo, au wakakukatalia.

Msidhani ni Waingereza peke yao. Marekani kila jimbo lina bodi yake, shahada yako inachambuliwa somo kwa somo kwa sababu mafizio wao siku hizi wanahitimu na udaktari, halafu kuna mtihani wa taifa, NPTE. Kufaulu ni alama 600 kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na maisha yako yote unaruhusiwa kuufanya mara 6 tu. Dubai nako vyeti vyako vinafuatiliwa hadi chuo vilikotoka kabla hujaruhusiwa kufanya kazi. Popote uendako, kuna ofisi itakayobisha hodi chuoni kwako. Swali ni nani atafungua mlango.

Mogo wa Belgrave Road

Siku ya sita yeye alikuwa zamu, nikapanda basi peke yangu hadi Belgrave Road, mtaa wanaouita Maili ya Dhahabu. Sari madirishani, bangili, harufu ya bizari. Mgahawa mmoja ulikuwa umeandika kwenye menyu "mogo". Nikaagiza, kikaja nini? Muhogo wa kukaanga na pilipili! Nilicheka mwenyewe kama chizi. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa meza ya jirani, nywele nyeupe, akanitazama.

"Wewe natoka wapi?"

"Dar es Salaam. Shikamoo mama."

Alifunga macho kidogo. "Marahaba. Marahaba, mwanangu." Nadhani ilikuwa miaka mingi hajaamkiwa.

Alizaliwa Mwanza, akaolewa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije mji huu, umejaa. Walikuja. Leo wao na watoto wao ndio wenye mtaa.

"Mume yangu Kampala alikuwa mhasibu," aliniambia. "Hapa naingia kiwanda ya soksi. Miaka sita. Mimi naandika barua kwa dada Mwanza, nasema yeye mhasibu. Kila barua, mhasibu, mhasibu." Akachovya kipande cha muhogo kwenye chatini. "Siku moja yeye nasoma barua. Hasemi neno. Lakini iko siku ile mimi nafahamu nani naona haya. Si yeye. Mimi."

Nilishindwa kumalizia sahani yangu.

Nilichokuwa nimekificha

Sasa nikiri, maana makala hii haina maana nisipokiri. Chuo chake cha zamani kilikuwa kimemwambia tangu Machi 2024 kwamba fomu itajazwa, ila aje mwenyewe au atume mwakilishi, kwa sababu mtaala wa miaka yake uko kwenye makabati na aliyeujua alishastaafu. Mwakilishi ni mimi. Safari ya basi ya siku moja. Kila alipopiga simu nilimwambia, "Wanasema bado, baba." Sikuwahi kwenda. Miezi tisa.

Mwanzoni ilikuwa kazi, jarida linafungwa, mtoto ana homa. Baadaye ilikuwa kitu kingine. Rafiki zangu waliotangulia majuu na digrii zao nawafahamu. Akipata leseni yeye, nitamfuata mimi. Na nikifika, nani atataka mhariri wa Kiswahili Leicester? Nami nitaanza kubeba boksi. Kwa hiyo nilijivunia cheo chake mbele za watu, huku nyuma ya pazia nimekikalia. Wakati huo saa yake inakimbia: alishahitimu, viza ya mhitimu ni miaka miwili tu, na majibu ya Kiingereza yanazeeka.

Usiku ule alirudi saa tano, mikono inanuka dawa ya kusafishia. Nikamwambia yote kabla hajavua viatu. Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi muda mrefu.

"Nilikuwa nawalaani watu wa chuo," alisema. "Kila usiku, mke wangu. Watu wa chuo."

Tulilala tumepeana migongo. Alfajiri nikamkuta amekaa kitandani anaangalia ile karatasi ukutani. Akaniuliza bila kugeuka, "Unaogopa nini hasa?" Nikamwambia. Akasema, "Ungeniambia Machi." Basi. Siku nne zilizobaki tulizungumza kuliko miaka yote saba ya ndoa, tukitembea kando ya mto Soar na bata wakitufuata wakidhani tuna mkate. Sikusamehewa siku ile wala ile iliyofuata. Ila tulikubaliana jambo moja: fomu kwanza, mengine baadaye.

Januari 2025 nilipanda basi. Nilikaa kwenye benchi la ofisi siku mbili, na kijana mmoja wa masijala akanisaidia kupekua makabati hadi mikono ikawa ya kijivu kwa vumbi. Februari fomu ikaenda kutoka chuoni moja kwa moja, na muhuri wake. Wakaguzi wakaomba maelezo zaidi kuhusu tiba ya kifua, akatuma. Juni, nikiwa ofisini nahariri makala ya mapambo ya sebule, akanipigia: "Fungua rejista, andika jina langu." Rejista ile iko wazi kwa mtu yeyote. Nikaandika. Likatokea jina lake kamili, na namba inayoanza na herufi PH. Nililia mbele ya wahariri wenzangu, wakadhani nimefiwa.

Ushauri wangu kwa wapenzi ni mfupi. Kabla hamjakata tiketi, chukueni mtaala wenye muhuri, barua za waajiri na orodha ya saa za mafunzo, mkiwa bado mnaweza kubisha hodi wenyewe. Halafu kaeni mezani mwambiane nani atakuwa nani kule katika ule muda wa kati, ambapo mmoja hana cheo na mwingine hana majibu ya kuwapa watu saluni.

Mimi bado niko Dar. Kuhamia au kutohamia bado tunajadiliana, ila safari hii kila mmoja anaweka karata zake mezani. Saluni wakiniuliza siku hizi nawaeleza hadithi yote, hata sehemu yangu, na kiti cha pili kinanyamaza.

Oktoba 2025 alianza kazi wodini. Jioni alinipigia simu akiwa kituo cha basi, upepo unavuma kwenye simu. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga alimwona akisogea na gongo la kutembelea, akamuuliza kama yeye ndiye fizio.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikamwambia ndiyo, mama. Ndiye mimi. Haya, tusimame."