Hyde Park: mtaa uliompa Obama kiti bila kupingwa

Ukiwa Chicago, panda treni inayokwenda kusini kando ya Ziwa Michigan, kisha teremka Hyde Park. Ziwa lenyewe ukilitazama unaweza kuapa ni bahari, mpaka uonje maji. Mtaa umetulia. Kuna Chuo Kikuu cha Chicago na majengo yake ya mawe, na Barabara ya 53 kuna mgahawa wa Valois, wa tangu 1921, ambako kila mtu anapanga foleni na sinia lake mkononi, awe profesa, awe fundi bomba.

Hapo uko katikati ya Wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois. Tuelewane kwanza: wenzetu wakisema jimbo wanamaanisha Illinois nzima, yenye bunge lake kule Springfield, kama saa tatu hivi kwa gari. Maseneta wa bunge hilo ni 59, na wilaya hii inatoa mmoja.

Mzee Richard Newhouse, seneta tangu 1967, ndiye Mweusi aliyethubutu kugombea umeya wa Chicago mwaka 1975, akaangushwa. Alipoondoka 1991 akaingia mwalimu Alice Palmer.

Sasa sikia kisa. Mwaka 1995 mama Palmer akatamani Bunge la Washington, akambariki kijana mmoja mwanasheria, mwana wa Mluo wa Kenya, achukue kiti chake. Novemba mama akabwagwa na Jesse Jackson Jr. Akageuka: jamani, kiti changu nakitaka! Kijana akagoma. Ndiye Barack Obama.

Kule, ili jina lako liingie kwenye karatasi ya kura, zilitakiwa saini 757 za wapiga kura wa wilaya hiyohiyo. Palmer alipeleka zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakazikalia, moja baada ya nyingine: huyu anaishi nje ya mpaka, huyu hajajiandikisha, huyu kaandika herufi za chapa badala ya kutia saini. Pingamizi juu ya pingamizi. Mama akajitoa, na wagombea wengine watatu wakafyekwa. Machi 1996 Obama akapita bila kupingwa kwenye kura za maoni za Democrat, na mitaa ile ukishapita hapo umeshamaliza kazi.

Kanuni zilifuatwa, sibishi. Lakini nikiwafikiria waliokwenda kituoni siku ile wakakuta jina moja tu, nashindwa kumpa maksi zote. Mwaka 2008 Palmer alikuwa upande wa Hillary Clinton. Utamlaumu?

Halafu kuna ramani. Wilaya ile ya awali ilichomoza magharibi, ikaingia mitaa ya Weusi wa kipato cha chini. Mwaka 2001 vyama vilishindwa kukubaliana mipaka mipya, ikabidi jina lichomolewe kwenye kofia ndefu mfano wa ile ya Abraham Lincoln. Ndiyo, kofia! Democrat wakabahatika kuchora. Wilaya ya Obama ikabaki na Hyde Park, ila mkono wake ukageukia kaskazini, ukapita katikati ya jiji mpaka Gold Coast, kwa wenye nazo. Mwanasiasa anayeota makubwa anawahitaji watu hao, na Novemba 2004 Obama akachaguliwa kwenda Seneti ya Marekani.

Kiti akakirithi Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, hadi Januari 2019 alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Akafuata Robert Peters.

Kinachonivutia ni sheria zao. Mwaka 2003 Obama alipitisha ya kulazimisha polisi warekodi mahojiano ya kesi za mauaji. Raoul alisimamia muswada uliofuta adhabu ya kifo 2011. Peters akapigania kufutwa kwa dhamana ya fedha, na tangu Septemba 2023 mtuhumiwa Illinois hakai rumande kwa sababu tu mfuko wake mtupu. Kule Gold Coast hilo halikuwa tatizo lao. Lilikuwa la mitaa ile ya magharibi iliyoachwa nje ya mstari.