Siku ya kuwaaga ndege wa Mida

NI Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Aprili. Matatu iliyotoka Malindi imeshapita Gede, na ndani yake wamo marafiki watatu waliosoma pamoja tangu darasa la kwanza: mwalimu wa shule ya msingi, nesi na fundi wa cherehani. Wana watoto watano, chupa mbili za chai, mahamri, bakuli la mbaazi na darubini moja ya kuazima.

Wanashuka Mida. Kutoka barabara kuu ni mwendo mfupi wa miguu hadi ukingoni mwa maji.

Aliyepanga safari ni mwalimu. Hakuchagua siku hii kwa sababu ya likizo tu. Alitazama mwezi kwanza. Wiki hii kuna bamvua, wakati ambapo bahari hupwa mbali na kujaa sana, na anayetaka kuwaona ndege wa Mida vizuri hufuata maji, si saa ya ukutani.

Fundi wa cherehani hakutaka kuja. Ana sare za shule za kumaliza kabla ya muhula mpya. Lakini wenzake wanajua kwamba sare si sababu. Mwezi ujao anasafiri kwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, kwa mkataba wa miaka 2. Kuna deni la matibabu ya mamake, na cherehani haliwezi kulilipa. Pasipoti iko tayari. Ndugu wanajua, majirani wanajua. Asiyejua ni mmoja tu: bintiye wa pekee, mwenye miaka tisa, atakayebaki na bibi.

"Umemwambia?" nesi amemuuliza mara nyingi.

"Wiki ijayo," hujibu kila mara.

Maji yakiwa mbali

Mida ni mkono wa bahari ulioingia barani, kusini mwa Watamu katika kaunti ya Kilifi. Uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi na Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Upande wa bara umepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kingo zake zimezungukwa na mikoko.

Kundi linafika saa tano kasoro, maji yakiwa yamepwa. Mbele yao ni uwanda wa matope na mchanga unaong'aa kwa jua. Watoto wanatazama huku na huku.

"Ndege wako wapi?" mtoto mdogo wa nesi anauliza, kana kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wapo, lakini mbali sana. Kwa jicho tupu ni vidoa tu kwenye matope. Kijana anayewaongoza, mwenyeji wa kijiji cha jirani, anawaambia wasiwe na haraka. Maji yakianza kurudi, ndege watasogea wenyewe. Kwa sasa watazame kilicho karibu na miguu yao.

Kilicho karibu ni kaa wadogo, mamia kwa mamia, kila mmoja mlangoni mwa shimo lake. Dume ana gando moja kubwa kupita jingine, naye hulipunga juu na chini. Mwongozaji anaeleza kwamba kwa gando hilo anamwita jike na pia kuwatisha madume wenzake. Watoto wanachuchumaa. Akisogea mmoja, kaa wote wanatoweka. Wakitulia kwa dakika mbili, wanatoka tena.

Hapo ndipo mchezo unapoanza bila mtu mzima kuuanzisha: nani atatulia hadi kaa wa karibu naye atoke kwanza? Mwalimu, ambaye hufundisha darasa la watoto hamsini, anacheka. Hajawahi kuona ukimya wa namna hii ukipatikana bila kupaza sauti.

Katikati ya mikoko, mwongozaji anawafundisha majina. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu una mizizi midogo iliyosimama kutoka kwenye matope kama penseli, nayo huusaidia mti kupata hewa. Kuna pia muia, mkandaa na mlilana. Mtoto mkubwa wa mwalimu anauliza ni upi uliotoa boriti za nyumba ya babu yake. Mwongozaji anamwonyesha mkandaa na kumwambia fito na boriti za nyumba nyingi za pwani zimetoka kwenye miti kama hii, na ndiyo maana leo ukataji wake unadhibitiwa.

Chai inanyweka kivulini. Mahamri yanaisha kabla ya saa saba. Binti wa fundi anakula kidogo na kukaa karibu na mamake kuliko kawaida yake.

Maji yanaporudi

Saa saba na nusu wanavuka daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Daraja linayumba. Nesi, ambaye kazini hashtushwi na damu, anashikilia kamba kwa mikono miwili huku watoto wakimcheka.

Kibandani wanaona walichofuata. Maji yanakuja polepole, ukanda kwa ukanda, na kila ukanda unawasukuma ndege mbele kidogo. Vile vidoa vinakuwa ndege: vitwitwi wanaokimbia kama waliochelewa shule, sululu wenye mdomo mrefu uliopinda, yangeyange weupe waliosimama wima, shakwe wanaopaa na kutua.

Mwongozaji anawaonyesha vitwitwi wachache wenye kifua chekundu kama tofali. Ndege hao, anasema, hufika hapa kuanzia mwezi wa nane, na miezi michache iliyopita walikuwa wa kijivu kama wenzao. Sasa wanavaa manyoya ya arusi, kwa sababu msimu wao wa kuzaliana unakaribia. Kwao ni Siberia, safari ya zaidi ya kilomita 8,000. Siku chache zijazo, kaskazi ikiwa imekufa na kusi ikianza kuvuma, wengi wao hawataonekana tena.

Mwana wa mwalimu, mwenye miaka saba, haridhiki na kibanda. Anateremka ukingoni na kuanza kukimbilia kundi kubwa ili lipae. Mwongozaji anamshika mkono kwa upole kabla hajafika.

"Unaona wanavyokula bila kusimama?" anamuuliza. "Wanaweka mafuta mwilini. Hayo ndiyo petroli yao ya safari. Ukiwarusha, wanatumia leo petroli ya njiani."

Mtoto anafikiri kidogo. "Kwa hiyo wanaweza kuishiwa njiani?"

"Wanaweza."

Anarudi kibandani akitembea kwa vidole. Mamake hakuhitaji kusema neno.

Ndege wa yai moja

Kisha wanatua ndege ambao Mida inajulikana kwao duniani. Ni weupe, mgongo una weusi kama koti, miguu ni mirefu, na mdomo ni mweusi na mnene kama wa mtu aliyekuja na koleo yake. Chakula chao kikuu ni kaa, na hata jina lao la Kiingereza linataja chakula hicho. Hutembea kwa pamoja, wanasimama, wanakimbia hatua chache, halafu mdomo unashuka kwa kishindo.

Mwongozaji anaeleza maisha yao, na kibanda chote kinanyamaza. Ndege hawa hawazaliani Kenya. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Bahari ya Sham na pwani za Ghuba, zikiwemo za Oman. Hawajengi tundu mtini. Huchimba shimo mchangani, na ndani yake jike hutaga yai moja. Joto la mchanga husaidia kulitunza yai hilo.

"Moja tu?" binti wa fundi anauliza. Ni neno lake la kwanza tangu wavuke daraja.

"Mara nyingi moja tu. Kwa hiyo wanalitunza sana. Kinda anapoweza kuruka, kazi ya wazazi haijaisha. Wanasafiri pamoja naye hadi pwani yetu, na hapa bado wanaendelea kumlisha kwa miezi. Utaona ndege mkubwa kama mamake, bado anaomba kaa."

Mwalimu anampa mtoto darubini. Pembeni mwa kundi amesimama ndege mmoja ambaye mgongo wake si mweusi bali wa kijivu. Huyo, mwongozaji anasema, alizaliwa mwaka jana.

"Na sasa wanarudi Oman wote?"

"Wakubwa wanarudi kuzaa. Wadogo wengi hubaki huku msimu wa kwanza."

Mtoto haondoi darubini machoni. "Kama mimi na mama," anasema.

Hakuna anayejibu. Fundi wa cherehani anamtazama bintiye, kisha anawatazama rafiki zake, kama anayetaka kujua nani amesema. Hakuna aliyesema. Mtoto anaeleza mwenyewe, bila kulia. Aliona pasipoti na picha ndogo zenye ukuta mweupe nyuma, chini ya vitambaa kwenye droo. Alimsikia bibi akiomba dua usiku na kutaja safari. Amejua kwa wiki tatu.

"Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

"Nilidhani hutaki nijue."

Nesi anawaita watoto wengine waje upande wa pili kutazama mashua inayopita. Hakuna mashua. Lakini wanakwenda.

Walichoambiana mama na mtoto hakikuwa hotuba. Mama alisema ni miaka 2. Alisema bibi atabaki naye, na shule haitabadilika. Alisema deni ni la nini na kwa nini cherehani halikutosha. Alisema atapiga simu kila akiruhusiwa, na kwamba siku nyingine huenda asiweze. Hakusema muda utapita haraka.

Mtoto aliuliza swali moja tu, nalo alimgeukia mwongozaji. "Wale wakubwa wanarudi hapa hapa?"

Kijana angeweza kusema ndiyo na mambo yakaisha. "Wengi wanarudi, kuanzia mwezi wa nane," alisema. "Si wote. Safari ni ndefu. Lakini kila mwaka tunawangoja, na kila mwaka wanakuja."

Kurudi

Saa tisa na nusu maji yamejaa hadi kwenye mashina ya mikoko. Ndege wanapaa kwa pamoja, weupe na weusi ukipinduka hewani, na kwenda kupumzika mahali pakavu. Watoto wanawapungia mkono.

Njiani kuelekea barabarani, fundi anakiri kwa wenzake kwamba alikuwa akimlinda mtoto asiumie. Nesi anamwambia anachokiona wodini kila siku: mtoto anayefichwa jambo haachi kulijua, bali hulijua peke yake. Mwalimu ameona hivyo hivyo darasani, kwa watoto ambao waliamka asubuhi moja na kukuta mzazi ameondoka. Wengine huchukua mwaka mzima kabla ya kuinua mkono tena kujibu swali.

Safari ya Oman haijafutwa. Deni lipo pale pale. Lakini kazi ya wiki ijayo imekwisha wiki hii, na zimebaki wiki nne za kujiandaa wawili pamoja: nani atasuka nywele za Jumapili, funguo zitakaa wapi, simu itapigwa saa ngapi.

Mwalimu ametoa ahadi moja. Mwezi wa tisa, bamvua ya kwanza ya Jumamosi, atamleta binti huyo kibandani. Wataangalia nani amerudi, na watampigia mama simu wakiwa hapo hapo, ili asikie sauti za ndege.

Kwenye matatu mtoto amelala begani mwa mamake, miguu ikiwa na matope hadi magotini.

Mzazi, ukitaka kuwapeleka watoto

Miezi ya Machi na Aprili ndege wengi wanaohama hula sana kabla ya kuondoka. Kuanzia Agosti na Septemba huanza kurejea. Waulize wavuvi au wenyeji saa za maji kwanza. Wakati mzuri ni maji yanapojaa, kwani ndege husogea karibu.

Tembea na mwongozaji wa kijijini, na usiwaache watoto waende mbali kwenye matope. Maji ya bamvua hurudi upesi kuliko wanavyodhani. Beba kofia, maji ya kunywa, nguo za kubadilisha na koti la mvua, maana masika hayabishi hodi. Viatu viwe vya kuchafuka.

Ada ya daraja ina kazi. Mradi wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya, ulioanza mwaka 2001, umekuwa ukitumia pesa za wageni kuwasaidia watoto wa vijiji vya kando ya Mida na Arabuko-Sokoke kulipa karo ya sekondari.

Na kama kuna jambo ambalo nyumbani halipati nafasi ya kusemwa, liache lije nanyi. Mkiwa mmekaa kimya mkitazama upande mmoja, huenda mtoto akalisema kabla yako.