Delmarva, Nchi ya Kuku Wanaolalia Matandiko ya Wenzao

Msafiri atokaye Washington asubuhi kwa motokaa, akashika njia ya mashariki, hufika upesi kwenye mkono mpana wa bahari uitwao Chesapeake. Daraja la kuuvuka lilifunguliwa mwaka 1952, nalo lina urefu wa karibu kilomita 7; mwaka 1973 likaongezwa la pili kando yake. Daraja hilo hupanda juu sana ili meli zipite chini, na mtu asiyelizoea hukaza macho mbele asitazame maji. Akishuka ng'ambo anaingia katika nchi tambarare isiyo na mlima wala kilima: mchanga, mahindi na soya, misonobari, na mifereji ya maji kando ya kila shamba. Sisi watu wa Kivu, tuliozaliwa kwenye miteremko, twajiona huko kama watu waliowekwa juu ya meza.

Nchi hiyo ni rasi. Majimbo matatu yanaigawana, yaani Delaware, Maryland na Virginia, na wenyeji wameyafupisha majina hayo yakawa jina moja: Delmarva. Kila baada ya mwendo mfupi utaona nyumba ndefu za bati zimepangwa mbili mbili au nne nne. Nilidhani ni maghala. Kumbe ndimo wanamokaa kuku wa nyama, na kwa mwaka mmoja hutoka katika rasi hiyo kuku karibu milioni 600.

Jambo hilo kubwa lilianza kwa kosa dogo. Mwaka 1923 mama mmoja wa Ocean View, katika jimbo la Delaware, jina lake Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 vya kutaga. Akaletewa 500. Hakuvirudisha, akavilea mpaka wakawa kuku wa kuuzwa kwa nyama, akapata faida nzuri, na mwaka uliofuata akaagiza 1,000 kwa kusudi. Majirani waliona, nao wakafuata. Kibanda chake cha mbao kimehifadhiwa karibu na mji wa Georgetown, katika shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Delaware. Nilikizunguka mara mbili. Ni kidogo kuliko darasa langu.

Lakini sikuvuka daraja lile kwa ajili ya kibanda. Nilikuwa na swali langu, nalo lilikuwa la aibu kidogo. Kwetu Bukavu, shuleni, tulilea vifaranga mia moja, wakakua vema, tukawauza. Tulipoleta kundi la pili tulitaka kuokoa franka, kwa hiyo hatukuondoa matandiko ya zamani, yaani yale maranda ya seremala tuliyotandika chini. Tuliyanyunyizia javeli ndoo mbili, tukaona tumefanya kazi ya kiganga. Juma la kwanza halijaisha, vifaranga wakaanza kusinzia na kuharisha mavi meupe yaliyowagandia nyuma. Hawakubaki nusu. Mganga wa mifugo alilitaja jina la salmonela, akatuambia maneno makali juu ya matandiko yetu. Nami nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba Wamarekani huwaweka kuku juu ya matandiko yale yale kundi baada ya kundi, mwaka mzima au zaidi. Je, kwao vijidudu havipo?

Bibi mmoja mwenye mabanda manne alikubali kunionyesha. Kwanza aliniuliza ni siku ngapi tangu niguse kuku wa kwetu. Nilipomjibu kuwa zimepita wiki tatu, akanipa viatu vya mpira na vazi jeupe la kuvaa juu ya nguo. Hata hivyo banda lenye kuku hakunifungulia. Alinipeleka katika banda tupu, ambalo kuku wake walikuwa wamechukuliwa sokoni siku nne kabla.

Banda lile lina urefu wa zaidi ya mita 150, na hukaa humo kuku 25,000 kwa mara moja. Sakafu yake ni udongo ulioshindiliwa, si simenti. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu. Katika nchi nyingi za Ulaya matandiko hutolewa kila kundi likiondoka, kisha sakafu ya simenti huoshwa. Huku sakafu ya udongo haioshwi, maranda ni ghali, na tena mahali pa kutupa taka hizo zote hapapatikani kwa urahisi. Mbolea ya kuku ina fosforasi nyingi, na mvua huichukua katika ile mifereji hata Chesapeake. Mwaka 1997 samaki wa mto Pocomoke walionekana na vidonda, watu wakaingiwa na hofu, na mwaka 1998 jimbo la Maryland likatoa sheria juu ya mbolea mashambani. Basi kuyatumia tena matandiko si uchoyo tu.

Nilitazamia kuona mapipa ya dawa. Sikuona hata moja. Katikati ya banda, kutoka mlango hadi mlango, matandiko yote yalikuwa yamekusanywa kwa trakta yakawa matuta marefu, kama matuta ya viazi yaliyokuzwa, yenye kimo cha kufika kiunoni. Yalikuwa yakitoa moshi mwembamba. Bibi yule alichomeka ndani kipimajoto chenye shina refu, tukangoja. Kikasimama kwenye digrii 58.

«Yanajipika yenyewe,» akasema.

Maana yake ni hii. Ndani ya mavi ya kuku na maranda mna vijidudu vya namna nyingi, na vingine kazi yake ni kuozesha tu. Vikipata unyevu wa kiasi, hewa na chakula, hufanya kazi kwa nguvu na kutoa joto. Tuta likiwa kubwa, joto halina pa kutokea upesi. Baada ya siku mbili tatu hufika digrii 55 au 60 na kuzidi. Salmonela na kampilobakta, vinavyomdhuru mtu alaye nyama isiyoiva vizuri, vimezoea joto la mwili wa kuku, ambalo ni kama digrii 41. Katika joto la tuta haviishi. Hata yule mdudu mweusi mdogo anayejificha katika matandiko na kubeba salmonela huungua, asipowahi kukimbilia ukutani.

Lakini ngozi ya tuta hubaki baridi. Kwa hiyo siku ya tatu au ya nne hupinduliwa, ya nje yaingie ndani, nalo hupanda joto mara ya pili. Kisha husambazwa, yapoe na kukauka siku nne au tano kabla ya vifaranga kufika. Mabonge yaliyoshikana kwa maji ya kunyweshea huvunjwa au kutolewa kabisa.

Nilimweleza habari ya javeli yetu. Hakucheka, jambo nililomshukuru. Alisema dawa ya namna ile huliwa na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Hufaa ubao uliosuguliwa ukawa safi, haifai samadi. Nasi tulikuwa tumeongeza maji, na maji ndiyo salmonela inayapenda. Basi ndoo zetu mbili ziliwanywesha adui.

Nilimwuliza kama matuta huua kila kitu. Akatikisa kichwa. Klostridia, vinavyoozesha utumbo na ngozi ya kuku, hutengeneza mbegu ngumu zisizojali digrii 60. Tena wapo wataalamu wasemao kwamba si vizuri kuua vyote, kwa kuwa katika matandiko ya kundi lenye afya kifaranga huokota vijidudu vyema vya kumlinda tumbo. Hilo lilinipendeza, ingawa sikuweza kuacha kuwaza juu ya vifaranga vyetu. Kundi likiwa limeugua sana, mambo hubadilika: huyatoa yote na kuanza na maranda mapya. Na ikiwa ni mafua ya ndege hakuna mjadala; kundi lote huuawa, na matandiko yale hayapewi kundi jingine.

Adui mwingine ni amonia, ile harufu ichomayo macho. Tuta likipinduliwa huitoa kwa wingi, na ikibaki ndani huharibu koo la kifaranga na kuwafungulia vijidudu njia. Kwa hiyo mapepeo makubwa huzungushwa mchana na usiku. Karibu na siku ya vifaranga hunyunyiza chumvi yenye ukali wa ndimu. Mojawapo ni jamaa ya shabu, ile itumiwayo kutakasa maji ya matope. Ukali huo huifunga amonia, na vijidudu vibaya havistawi humo. Nguvu yake hudumu majuma machache, yaani wakati kifaranga angali mdogo. Huko Brazili wengine huenda njia ya kinyume: hufunika matandiko kwa turubai ili amonia na joto vifanye kazi ya kuua pamoja, au huchanganya chokaa. Wote wawili hupepea banda vizuri kabla ya kuingiza kuku.

Kwetu hatuna trakta, wala kuku 25,000. Tuta dogo la kufika magotini halitapata moto, hasa kwa usiku wa baridi wa Bukavu. Yapasa chungu kisichopungua mita moja kila upande, nje ya banda, chini ya paa, chenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kisha kupinduliwa kwa koleo. Kwa kundi la kuku ishirini hakuna chungu cha namna hiyo, na heri matandiko yote yaende shambani kwenye migomba, na vifaranga wapate maranda mapya. Nimenunua kipimajoto.

Kitu kimoja bibi yule hakuwa nacho kwa wingi, nacho ni siku. Vifaranga si mali yake. Ni vya kampuni, nayo ndiyo hupanga tarehe. Soko likiwa zuri, tarehe husogezwa mbele, na matuta hayangojewi. Safari hii alikuwa amepewa siku 15 na alizihesabu kwa furaha. Banda la pili lilikuwa limekwisha kusambazwa. Tuliingia, kwa kimo changu sikusikia harufu yoyote, nikamwambia hivyo. Yeye akapiga magoti, akainamisha uso mpaka kiganja kimoja juu ya maranda, pale kichwa cha kifaranga kitakapokuwa, akavuta pumzi. Akainuka huku macho yakimtoka machozi, akaenda kuongeza mapepeo.