Ukoga wa Kijani Chini ya Mwembe

Nyumbani kwetu Kolwezi pana mwembe alioupanda marehemu baba. Chini yake tulipanda nyasi, tukazikata vizuri, hata wageni wakazisifu. Lakini mti ulipokua, nyasi zilikonda mwaka hata mwaka, na mahali pake ukaota ukoga wa kijani, laini kama zulia. Tuliukwangua kwa jembe. Kiangazi ulikauka, tukadhani umekufa. Mvua ziliporudi, nao ukarudi.

Asubuhi moja ya mvua mama yetu mzee alikuwa akienda Misa ya kwanza. Akateleza pale pale, akavunjika mkono. Ndipo tulipoona haya, tena tukakasirika. Jirani mmoja akatushauri tuumwagie mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu. Mwingine akasema, "Kateni mti huo." Tulikuwa karibu kukubali yote mawili.

Lakini sisi watu wa nchi ya shaba tunaye mwalimu karibu. Huku kwetu viko vilima ambavyo udongo wake una shaba nyingi mno. Miti haioti juu yake. Huota nyasi na maua machache yaliyoizoea, na kwa maua hayo watafuta madini walitambua penye shaba. Ni kweli mrututu huua ukoga, lakini shaba haiozi. Hukaa udongoni miaka mingi. Je, tuimwage karibu na kisima, mahali wanapocheza watoto? Tukakataa.

Basi tukautazama ukoga wenyewe. Hauna mizizi ya kweli, wala maua, wala mbegu. Maji huyanywa kwa majani yake. Haukuziua nyasi zetu. Nyasi zilikufa kwa kukosa jua, na kwa udongo uliokanyagwa hata ukawa mgumu, maji yasipate pa kupita. Ukoga uliingia katika nyumba iliyokwisha kuachwa. Sisi tulikuwa tukimpiga mpangaji, na mwenye nyumba amekufa kwa njaa.

Tukakata matawi ya chini, si mti. Tukachimba mfereji mdogo, maji ya paa yasituame pale. Udongo tukautoboa kwa uma wa shamba, tukatia mboji. Palipopata jua nyasi zimerudi. Karibu na shina hazikurudi, nasi hatuzidai tena. Hapo tumeuachia ukoga makao yake. Njia tu ndiyo tuliyoikwangua, tukaitandika changarawe nene.

Mkono wa mama umepona, ingawa haunyooki sawasawa. Siku za mvua hupita juu ya changarawe na fimbo yake. Tulimwomba radhi, kwa maana miaka mitatu tuliukasirikia ukoga, wala hatukuinua macho kukitazama kivuli, wala hatukuangalia alipokanyaga yeye.